Damu ya Newala: Zawadi, Bidhaa au Amana?

Lipo neno moja la Kimakonde ambalo hivi leo hutamkwa na madaktari wa Paris, wauguzi wa São Paulo na wanafunzi wa uzamivu wa Singapore, na aghalabu ya wanaolitamka hawajui Mmakonde ni nani wala Newala iko upande gani wa dunia. Neno hilo ni chikungunya. Maana yake ni kile kikunjacho, kimpindacho mtu hata akaenda ameinama kama mkongwe ilhali bado ni kijana. Wataalamu wa lugha hulihusisha na kitenzi cha Kimakonde chenye maana ya kukauka na kujikunja, kama lifanyavyo jani lililopigwa na jua. Na hiyo hasa ndiyo sura ya mgonjwa wake: homa humjia ghafla, kisha maumivu humkamata katika vifundo, magoti, viganja na viwiko, homa huondoka baada ya siku chache, lakini maumivu kwa wengine hukaa miezi, na kwa baadhi yao miaka.

Jina hilo liliingia katika vitabu vya tiba kwa sababu ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 katika Jimbo la Kusini la Tanganyika, Newala juu ya uwanda wa Makonde na Masasi chini yake upande wa magharibi. Daktari Marion Robinson aliandika dalili za ugonjwa, W.H.R. Lumsden, wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Uganda, akaandika namna ulivyoenea. Makala zao zilichapishwa mwaka 1955. Mwaka uliofuata R.W. Ross, naye wa Entebbe, akachapisha habari za kukitenga kirusi chenyewe kutoka katika damu ya wagonjwa na katika mbu, kwa kuwachanja watoto wa panya. Basi kutoka uwanda ule vilitoka vitu viwili: neno na damu. Vyote viwili havijarudi. Swali ambalo makala haya yanalitazama ni hili: Je, maarifa yaliyozaliwa kwa maumivu ya watu fulani yana deni kwa watu hao? Na kama lipo, deni hilo ni la namna gani, na nani alilipe?

Kabla ya kulijibu ni vyema kutazama kwanza ni nini kilichotolewa, kwani mtu hawezi kuhesabu deni asilolijua kiasi chake.

Uwanda wa Makonde ni nchi ya mvua isiyo na maji. Mvua hunyesha, lakini ardhi yake huyanywa maji upesi, na juu ya uwanda hapana mito wala chemchemi za kutegemewa. Kwa vizazi vingi wanawake wameteremka mabondeni kuchota na kupanda tena na vyombo vichwani. Maji yaliyopatikana kwa jasho hivyo hayamwagwi ovyo. Huwekwa ndani ya nyumba na kutumiwa kwa hesabu. Lumsden aliliona jambo hili, kwani katika maji hayo yaliyohifadhiwa ndimo mbu wa aina ya Aedes aegypti alimotaga, na mtu alilala chumba kimoja na mbu aliyezaliwa katika mtungi wake mwenyewe. Hivyo ugonjwa ule, ukiutazama kwa mizizi yake, ulikuwa ugonjwa wa kiu kabla ya kuwa ugonjwa wa mbu.

Pwani isidhani kuwa habari hizi ni za bara tu. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu, wakati wa ukame, maji ya akiba yakikaa muda mrefu majumbani bila kubadilishwa. Uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulikadiria kwamba robo tatu ya watu wa kisiwa kile waliambukizwa. Kutoka Lamu ugonjwa ukafika Mombasa, mwaka 2005 ukaingia Ngazija, kisha Réunion, ambako mpaka mwaka 2006 watu wapatao 266,000, zaidi ya theluthi ya wakaazi wote wa kisiwa, walikuwa wameugua. Baadaye ukavuka kwenda Bara Hindi. Ukasafiri njia zilezile za majahazi ambazo washairi wa pwani hupenda kuzisifu, ila safari hii shehena ilikuwa ni maumivu.

Katika damu iliyochukuliwa mwaka 1953 wilayani Newala, damu ya mgonjwa mmoja ilitoa kirusi ambacho ulimwengu wa sayansi hukiita S27. Ndicho kielelezo ambacho vingine vyote vilipimwa kwacho. Kimehifadhiwa katika barafu, kimekuzwa katika vyombo vya maabara, kimesafirishwa kutoka nchi hadi nchi. Na mwaka 2002 watafiti wa Nagasaki, Japani, walichapisha usomaji kamili wa maandishi yake ya urithi, herufi karibu 11,800. Mgonjwa mwenyewe, katika vitabu hivyo, ni herufi moja na tarakimu mbili.

Na mengi yamejulikana. Seli ya mwanadamu haina macho wala masikio, lakini ina milango. Juu ya utando wake zimesimama protini ziitwazo vipokezi, kila moja ikimngoja mjumbe wake. Mjumbe akifika na kukaa mahali pake, kipokezi hubadilika umbo. Badiliko hilo huigusa protini iliyo ndani, nayo huigusa ya pili, ya pili huigusa ya tatu, mpaka habari ifike katika kiini, ambako huamuliwa jeni zipi ziamke na zipi zilale. Hivyo ndivyo seli zinavyopeana ishara, na afya kwa sehemu kubwa ni ishara hizo kufika kwa wakati, kusikiwa, na kunyamaza zikishamaliza kazi.

Kirusi cha chikungunya huja na protini zake chache, nne za kazi na tano za umbo, na kwa hizo chache hulivuruga baraza zima. Mwaka 2018 kundi la watafiti wa chuo kikuu cha Washington kilichoko mjini St. Louis, Marekani, lilitangaza kwamba kirusi hiki hushika protini ya juu ya seli iitwayo Mxra8, ambayo hupatikana pia katika seli za viungo. Ndiyo kusema kiliupata mlango ambao mwili uliujenga kwa haja zake. Seli iliyovamiwa hupiga mbiu. Hutoa interferoni, protini iliyogunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, ambayo kazi yake kubwa ni kuwaonya majirani. Ndani ya seli jirani protini nyingine, STAT1, huibeba habari hiyo kuipeleka kwenye kiini. Mwaka 2010 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kuwa protini moja ya kirusi, nsP2, humzuia mjumbe huyo asifikishe ujumbe. Mbiu hupigwa, jirani akaisikia mlangoni, na habari isifike chumbani. Tena, hata baada ya vita kutulia, ishara za uvimbe zinaweza kuendelea kulia katika viungo. Maumivu mengi ayapatayo mgonjwa huletwa na walinzi wake mwenyewe, waliokosa kuambiwa kwamba adui amepungua.

Lililo dogo kuliko yote ndilo la kustaajabisha zaidi. Katika mlipuko wa Réunion watafiti waliona kwamba katika protini ya kirusi iitwayo E1, mahali pa 226, asidi amino aina ya alanini ilikuwa imebadilika ikawa valini. Ni badiliko moja tu. Lakini lilikiwezesha kirusi kukaa vyema zaidi katika mbu wa aina nyingine, Aedes albopictus, anayestahimili hata nchi zenye baridi. Anayependa lugha halimshangazi sana jambo hili, kwani Kiswahili kimetenganisha kuoa na kuua kwa herufi moja.

Hayo yote ni matunda ya kazi ya vijana na wazee waliokesha maabarani, wengi wao wanafunzi waliotoa miaka yao ya ujana kuifuata protini moja. Haistahili kuidharau kazi hiyo, wala kuwaita wezi waliochukua damu ile mwaka 1953. Walikuja wakati wa shida, wakawatazama wagonjwa, wakaandika kwa uangalifu hata maandishi yao yanasomwa mpaka leo. Hoja ya deni ikijengwa juu ya chuki haitasimama.

Wapo wasemao kwamba deni halipo kabisa, na hoja zao si nyepesi. Husema, kwanza, kwamba tone lile la damu lisingekuwa na thamani lingebaki mwilini. Thamani yake yote imetiwa na akili na kazi ya wengine. Pili, husema kwamba maarifa si kama embe, kwamba akila mmoja mwingine hukosa. Mtu wa Newala hakupungukiwa na kitu Nagasaki ilipojua. Tatu, huuliza: hata kama deni lipo, alipwe nani? Mwenye damu hajulikani, na bila shaka wengi wa rika lake wamekwisha fariki.

Hoja ya kwanza inathibitisha kidogo kuliko inavyodhaniwa. Kweli mkono wa mchongaji ndio uupao mpingo thamani, na Wamakonde, mabingwa wa kuchonga, wanalijua hilo kuliko wengi. Lakini mchongaji akichukua gogo katika shamba la mtu, ufundi wake haufuti swali la gogo limetoka wapi. Hoja ya pili ni ya kweli, nayo ndiyo inayotufunza kwamba deni hili si la fidia, kwani fidia hulipwa kwa aliyepungukiwa. Kama deni lipo, basi lazima liwe la aina nyingine.

Fikra za watu wa pwani, zilizolelewa na sheria na biashara kwa karne nyingi, zina namna ya kupambanua ambayo inaweza kusaidia hapa. Kitu cha mtu kikiwa mkononi mwa mwingine, huwa kimefika huko kwa njia inayojulikana: ama kilinunuliwa, ni bidhaa; ama kilitolewa, ni zawadi; ama kiliachwa kitunzwe, ni amana. Damu ya Newala haikuwa bidhaa, kwa kuwa hapakuwa na soko wala bei. Je, ilikuwa zawadi? Wengi watasema ndiyo. Lakini anayetoa zawadi hujua anatoa nini. Mgonjwa wa mwaka 1953, aliyekunjika kwa maumivu, alinyoosha mkono ili atibiwe. Hakuambiwa, wala hapakuwa na mtu duniani aliyeweza kumwambia, kwamba kilichomo ndani ya damu yake kitaishi kuliko yeye, kitasomwa herufi kwa herufi, kitakuwa kipimo cha ulimwengu. Aliyetoa asichokijua hakutoa zawadi kamili. Basi imebaki amana: kitu kilichowekwa mkononi mwa mtu mwaminifu kwa kudhaniwa mema. Na hukumu ya amana ni tofauti na hukumu ya fidia. Mwenye kutunza amana hadaiwi kwa sababu mwenyewe amepungukiwa. Anadaiwa kwa sababu ameaminiwa.

Mfano wa Marekani hufaa kulinganishwa. Henrietta Lacks alifariki Baltimore mwaka 1951, na seli zilizochukuliwa katika uvimbe wake bila yeye kuombwa ruhusa zimekuwa zikizaana maabarani tangu hapo. Sayansi nyingi ya seli imejengwa juu yake. Kwa miaka mingi ziliitwa kwa herufi tu, HeLa. Leo jina lake kamili linajulikana, na mwaka 2023 warithi wake walifikia suluhu na kampuni ya Thermo Fisher iliyokuwa ikiuza bidhaa zitokanazo na seli hizo. Huko amana ilimpata mwenyewe, au kizazi chake. Newala haina mtu mmoja wa kumrudishia. Lakini hilo, ambalo hoja ya tatu hulishika kuwa ni mwisho wa shauri, si mwisho. Amana ya mtu aliyetoweka haigeuki kuwa mali ya aliyeitunza. Huwarudia watu wake. Na watu wake wapo: wapo Newala, Masasi na Tandahimba, wangali wanahifadhi maji.

Basi warudishiwe nini? Fedha si neno baya, na mikataba ya siku hizi, kama Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, imejaribu kuweka utaratibu wa kugawana manufaa ya viumbe na nasaba zao. Hata hivyo, damu ile iligeuka kuwa habari, na amana ya habari hurudishwa kwa habari. Wanaodaiwa kwanza ni wale wanaoishi kwa kuijua chikungunya, na wanachodaiwa ni kuwaambia watu wa Newala, kwa lugha wanayoisema nyumbani, kile ambacho damu yao iliufundisha ulimwengu.

Mtu ataona hili ni dogo. Na alitazame mara ya pili. Tanzania inao wataalamu wake wa magonjwa haya, katika vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Morogoro na kwingineko, na tasnifu zao huandikwa kwa Kiingereza, hukaguliwa kwa Kiingereza na kutunzwa kwa Kiingereza. Mwana wa Masasi akipata shahada ya uzamivu kwa kuchunguza protini za kirusi hiki, mama yake hawezi kusoma hata kichwa cha kitabu chake, ila neno moja tu, na hilo ni la mama. Wakati huohuo, chanjo ya kwanza ya chikungunya iliidhinishwa Marekani Novemba 2023, na ushauri wa kuitumia huko ukawaelekea hasa wasafiri na watu wa maabara. Agosti 2025 kibali chake kikasitishwa nchini humo kwa kuhofiwa madhara yake. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mwenyeji alitoa damu, na aliyefikiriwa kwanza kupona ni mgeni.

Ni rahisi kuchukua mfano wa seli na kusema: tazama, hata ndani ya mwili ishara isiyofika ni ugonjwa, basi na jamii ni hivyo. Mfano huo unapendeza, lakini usibebeshwe mzigo usiouweza. Maumbile hayafundishi wema. NsP2 inayomziba mjumbe mdomo ni ya maumbile sawasawa na interferoni. Wajibu wa kurudisha habari hautokani na seli. Unatokana na ukweli kwamba mtu fulani aliamini, na kwamba mwingine alinufaika na imani hiyo, na kwamba bado inawezekana kumrejea. Kinachofundishwa na seli ni kiasi tu: kwamba habari kuwapo mlangoni si sawa na habari kufika.

Hapo ndipo msomaji wa visiwani naye anapoguswa. Vitabu na magazeti mengi ya nje yameandika kwamba chikungunya ni neno la Kiswahili, na Waswahili wengi wameisoma sifa hiyo bila kuikana. Pwani inajua vyema uchungu wa kunyang'anywa neno. James Christie, daktari aliyekuwa Zanzibar, aliandika katika miaka ya 1870 juu ya maradhi ambayo wenyeji waliyaita kidinga pepo, yaliyopita hapa mwaka 1870 na ambayo wazee waliyakumbuka ya mwaka 1823. Wapo wanaodai kwamba jina la homa ya dengue limechipuka katika kidinga hicho. Kisha mwaka 1971 Donald Carey alitoa hoja kwamba maradhi yale ya Zanzibar, kwa maumivu yake ya viungo yasiyokwisha upesi, yanafanana zaidi na chikungunya kuliko na dengue. Ikiwa ndivyo, Waswahili walikuwa na jina lao la ugonjwa huu, jina hilo likachukuliwa na kuvishwa ugonjwa mwingine, kisha wao wakapewa jina la Wamakonde. Aliyeporwa koti lake hana ruhusa ya kuvaa la jirani.

Na koti hili si la kwanza. Watu wa kusini waliletwa visiwani kupitia Kilwa na Mikindani katika zama za utumwa, na baadaye walikuja kama vibarua wa mashamba. Ngoma zao zimechezwa hapa, vinyago vyao huuzwa madukani vikiitwa sanaa ya Afrika, bila jina la mchongaji. Kiswahili kinalalamika mbele ya Kiingereza, na kina haki. Lakini Kimakonde kikisimama mbele ya Kiswahili kina lalamiko lilelile. Anayedai amana yake kwa sauti kubwa ni vyema kwanza afungue sanduku lake atazame ni za nani alizozitunza.

Litabaki pingamizi la mwisho, kwamba mambo ya protini hayatafsiriki. Kwamba lugha ya watu wa uwandani haina maneno ya kubebea kipokezi na ishara. Jibu lake lilitolewa Newala mwaka 1952. Ugonjwa ulipowakunja, watu wale hawakungoja istilahi itoke kwa wataalamu. Walichukua kitenzi walichokuwa nacho, cha kujikunja na kukauka, wakakiumba kuwa jina, na jina hilo likaeleza ugonjwa kwa usahihi ambao hakuna daktari aliyeona haja ya kuusahihisha. Walioweza kuipa dunia neno hawashindwi kulipokea neno. Kiswahili nacho kina protini, kina seli, kina jeni, kina ishara. Kinachopungua ni watu wa kuyapanga maneno hayo yakasomeka, kisha wa kukaa na wazee wa Newala yakasemeka na kwa Kimakonde.

Dawa ya deni ni kulipa, na malipo haya hayahitaji mkutano mkubwa. Yanahitaji tasnifu moja igeuzwe kurasa kumi za lugha nyepesi. Mwandishi wa kamusi aandike mbele ya neno chikungunya, kutoka Kimakonde. Mwalimu wa Masasi awaambie wanafunzi wake kwamba kielelezo cha ugonjwa unaosumbua visiwa na mabara kilitoka wilaya ya jirani. Na yanahitaji, kuliko vyote, maji yafike juu ya uwanda ili mama asilazimike kuyalaza ndani. Na mpaka hapo yatakapofika, anayefunika mtungi wake aujue undani wa anachokifanya, kwani ujuzi huo ulitoka kwao.